Ugonjwa Mrefu wa Wazee Wetu na Parseli ya Familia

HOTUBA YA KWANZA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, tunayemshukuru katika afya na katika ugonjwa. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ndugu Waislamu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu mahali pa siri na mahali pa wazi. Ama baada ya hayo:

Leo sitazungumza juu ya kifo. Nitazungumza juu ya miaka inayokuja kabla ya kifo, ile miaka ambayo mtu yuko hai lakini hawezi kujigeuza kitandani peke yake. Juu ya kifo tumehubiriwa sana. Juu ya miaka hiyo tunanyamaza, na katika kunyamaza kwetu nyumba za familia zinauzwa.

Mwaka 2019, baada ya swala ya Isha, ndugu watatu wa familia moja ya hapa Kindu walinifuata kwenye baraza ya msikiti na karatasi mkononi. Baba yao alikuwa amepooza upande mmoja tangu miezi minane. Walikuwa na deni la hospitali, deni la dawa, na deni la mtu wa mtaani aliyewakopesha kwa riba na kushika makaratasi ya parseli kuwa rehani. Mnunuzi alikuwa amekuja nao. Pesa zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Walitaka imamu aweke sahihi yake kama shahidi. Niliuliza: "Mzee anajua?" Yule mkubwa wao akajibu: "Imamu, mzee hayuko tena katika mambo hayo."

Niliweka sahihi. Mwenyezi Mungu anisamehe. Nilikuwa nimechoka, na niliona kwamba ninawasaidia.

Mzee yule aliishi miaka mitatu mingine. Aliishi ndani ya chumba cha kupanga, mlango ukiangalia mfereji, na kila nilipokwenda kumjulia hali aliuliza neno moja: "Tunarudi nyumbani lini?" Mdomo ulikuwa umepinda lakini akili ilikuwa nzima. Alikuwa anajua nyumba yake, anajua mti gani alipanda mwaka gani. Alikuwa katika mambo hayo kuliko sisi wote tuliokaa juu ya ile baraza. Na pesa za parseli zilikwisha kabla ya mwaka, kwa sababu nyumba inayouzwa usiku haipati bei yake, na hata bei hiyo ndogo wadai wanaigawana kabla haijafika nyumbani kwa mgonjwa.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimejifunza kuuliza mapema. Karatasi hii ya leo ni ya kuuliza mapema.

Tuangalie kwanza ni kitu gani kinachokula mali ya familia. Watu wanafikiri ni operesheni kubwa. Operesheni inaumiza, ni kweli, lakini inakuja siku moja na inakwisha. Jamaa wanachanga, msikiti unachanga, mambo yanapita. Kinachomaliza nyumba ni ugonjwa usiokwisha: kupooza, sukari, presha, figo, na ule usahaulifu wa uzee ambapo mama anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Hapo kuna dawa ya kila siku, sabuni ya kila siku, maji ya kuchota, mashuka ya kubadilisha, chakula kisicho na chumvi kinachopikwa peke yake. Lazima mtu awepo wa kumgeuza mgonjwa mchana na usiku, la sivyo vidonda vya kulala vinaanza, na vidonda hivyo vinarudisha hospitali. Mtu huyo, mara nyingi binti au mke wa mtoto, ameacha meza yake ya sokoni ili akae pale. Hakuna anayeandika hasara hiyo kwenye daftari, lakini ni hasara. (Na sisi wageni pia tunaongeza. Tunakwenda kumwona mgonjwa, tunakaa mpaka chai iive. Mtume alitufundisha kumtembelea mgonjwa, na adabu yake ni kukaa muda mfupi. Ukienda, peleka sabuni, usingojee chai.)

Katika nchi yetu hakuna mfuko wa serikali unaomlipa mtu wa kukaa na mgonjwa nyumbani. Kuna pensheni ya CNSS, ile iliyochukua mahali pa INSS mwaka 2018, lakini ni ya waliofanya kazi na mwajiri akawalipia. Ikiwa baba yako alifanya kazi ya reli, ya shirika au ya kampuni, tafuta namba yake na karatasi zake za mshahara leo, yeye mwenyewe akiwa bado anakumbuka majina ya wakubwa wake wa kazi. Kuna pia mituweli za afya, ambazo zina sheria yake tangu 2017. Hizo zinasaidia upande wa hospitali, kwa aliyejiandikisha na kulipa kabla hajaugua. Kama kuna mituweli inayofanya kazi karibu na nyumba yako, andikisha wazazi wako. Lakini mjue kwamba kazi ya kumgeuza mzee usiku haimo katika mituweli. Hiyo imebaki juu ya familia, na fundi wa nguo, mwendesha pikipiki, mkulima wa mchele, mama wa mafuta ya mawese, hawana ukuta mwingine wa kuegemea.

Hapa ndipo ndugu mmoja atasema: "Imamu, kupanga ugonjwa ni kuuita. Muumini anategemea Mola wake." Ninamjibu kwa Qur'an Tukufu. Katika Sura Yusuf, Nabii wa Mungu alipofasiri ndoto ya mfalme aliwaamuru watu wa Misri walime miaka saba na kuhifadhi mavuno ndani ya masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula, kwa sababu miaka saba ya shida ilikuwa inakuja. Yusuf alikuwa Mtume. Tawakkul yake ilikuwa kubwa kuliko yetu, na bado alijenga ghala. Na mnajua habari ya bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga, na namna Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Lakini kuna jambo lingine ambalo ni zito zaidi kwetu, na nitalisema wazi. Hapa kwetu mtoto akimuuliza baba yake juu ya makaratasi ya parseli, shangazi wanaanza kusema kwamba anataka kumla mzee. Neno la uchawi linatoka haraka kuliko kikombe cha maji. Kwa hiyo watoto wananyamaza, hata wale wenye akili na nia safi. Ndiyo maana maneno yangu ya leo yanawaelekea ninyi wazee kwanza, ninyi wa safu ya mbele mnaoswali juu ya kiti. Mtoto hawezi kufungua mlango huu. Ni wewe mwenyewe, baba, ni wewe mwenyewe, mama, utakayewaita watoto na kusema: "Kaeni chini, tuongee juu ya siku ambayo sitaweza kutembea."

Na mkikaa, anzeni na haki. Mali ya mzee ni ya mzee mpaka roho yake itoke. Hakuna anayemrithi mtu aliye hai. Mtoto anayesema "hii ni nyumba yetu" wakati baba anapumua chumba cha pili, amekosea hesabu. Kwa hiyo dawa ya mzee, chakula chake na anayemuuguza vinatoka katika mali yake mwenyewe kwanza, na huko si kupoteza urithi. Ni kazi ya mali hiyo. Ikiwa hana kitu au haitoshi, ni wajibu juu ya watoto wenye uwezo, wa kiume na wa kike, kila mtu kwa kadiri yake. Wajibu huu uko chini ya ile amri ya Sura Al-Israa, ambamo Mwenyezi Mungu ameweka wema kwa wazazi mara baada ya kumwabudu Yeye peke yake, na akataja hasa wakati mmoja wao au wote wawili wanapofikia uzee mikononi mwetu. Wengine wananiuliza: "Nimpe baba yangu zaka yangu?" Hapana. Kumlisha ni deni lako wewe, na zaka hailipi deni lako.

Kwa hiyo kuna dhulma mbili katika jambo hili. Moja ni ile niliyoitilia sahihi: kuuza paa juu ya kichwa cha mgonjwa bila yeye kujua. Nyingine inatendeka kimya zaidi, nayo ni kumwacha mzee bila dawa ili nyumba ibaki. Nimeiona na hiyo pia. Nyumba imebaki, ina mabati mapya, na watoto wanapita mbele ya kaburi haraka haraka.

Sasa watu wengi wakitaka kulinda nyumba wanakimbilia njia moja: kuiandika kwa jina la mtoto mmoja, kwa siri, "ili wadai wasiipate" au "ili wale wa mama mwingine wasiiguse". Ndugu zangu, sikilizeni habari ya Nu'man bin Bashir. Baba yake alitaka kumpa zawadi yeye peke yake, na mama yake, Amra binti Rawaha, akataka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Mtume akauliza kama watoto wengine wote wamepewa mfano wake. Bashir akasema hapana. Mtume akakataa kushuhudia, akawaamuru wamche Mungu na kufanya uadilifu kati ya watoto wao. Yeye aliuliza kabla ya kushuhudia na jibu lilipokuwa baya akakataa. Mimi niliuliza, jibu likawa baya, nikaweka sahihi.

Mbali na dhambi, njia hiyo ni mbovu hata katika hesabu za dunia. Parseli ikiwa ya mtoto, ni yake kweli. Akiiuza, umeisha. Akifa kabla yako, na vijana wanakufa, itarithiwa na mke wake na watoto wake, na wewe utabaki na fungu la mzazi tu katika nyumba uliyoijenga kwa mikono yako. Na kama ulikuwa unawakimbia wadai, mjue kwamba deni linatangulia. Mtu akifa, mali yake inatoa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ndicho mirathi. Hakuna mtoto anayeruka juu ya mdai.

Wengine wanangoja mpaka wawe kitandani, ndipo wanaanza kugawa. Zawadi inayotolewa katika ugonjwa wa kufa inahesabiwa kama wasia: haizidi theluthi, na kwa mrithi haipiti mpaka warithi wenzake waridhie. Mnakumbuka habari ya Sa'd bin Abi Waqqas. Aliugua Makka mpaka akaona kifo, naye wakati huo alikuwa na binti mmoja tu wa kumrithi. Akataka kutoa theluthi mbili ya mali yake, akakataliwa. Akataka nusu, akakataliwa. Akaruhusiwa theluthi, na akaambiwa kwamba hata theluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Habari hii tunaisoma kila mara kwa ajili ya wasia. Lakini angalieni upande wake mwingine. Sa'd hakufa. Aliishi zaidi ya miaka arobaini baada ya hapo, akaongoza jeshi la Qadisiyya, akapata watoto wengine. Kama angegawa mali yake yote siku ile, angekula nini miaka arobaini? Ninyi mnaotaka kumaliza mali kitandani, au kuimaliza mali ya mgonjwa kwa sababu "hana siku nyingi", nani aliyewaambia hesabu ya siku?

Na juu ya mkopo wa riba wa mtaani, ule watu wanaouita banki-lamberi, sina maneno mengi. Ni haramu kwa anayetoa na kwa anayechukua, na ndio mdomo ambao ndani yake parseli nyingi za mji huu zimeingia. Anayeweka makaratasi ya nyumba ya baba yake rehani kwa mkopo unaozaa kila mwezi ameshaiuza. Hajaambiwa tu siku ya kutoka.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillah, na sala na salamu ziwe juu ya Mtume wetu. Ndugu Waislamu, mtaniuliza: basi tufanye nini? Nitasema yale ninayoyajua.

Makaratasi kwanza. Kwa sheria yetu ya 1973 ardhi ni ya Serikali, na sisi tunashika haki juu yake kwa maandishi. Wengi wetu tuna karatasi ya mauzo tu ya mwaka wa zamani, iliyosainiwa na watu waliokwisha kufa. Wengine walipoteza kila kitu katika vita vya 1998 hadi 2003. Mzee akiwa bado anatembea, ndiye anayejua mpaka uko kwenye jiwe lipi na ni jirani gani alishuhudia. Nenda naye kwenye ofisi ya ardhi. Kila mwezi weka kidogo kwa ajili ya kazi hiyo. Parseli isiyo na karatasi ndiyo rahisi kuliko zote kuuzwa na mtoto mmoja mlevi.

Pili, tafuteni kitu cha kulisha ugonjwa bila kuuza shina. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar alimuuliza Mtume (S.A.W.) aifanyie nini, akaelekezwa azuie shina lake na kutoa matunda yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Matunda yanakwenda kwa maskini, jamaa na wasafiri, na msimamizi anakula kwa kiasi. Huo ni waqfu, na si kila mtu anaweza kuuweka. Lakini fikra yake inatufaa sote: matunda yaliwe, shina libaki. Una vyumba viwili nyuma ya nyumba? Leo, ukiwa mzima, sema mbele ya watoto kwamba kodi ya chumba kimoja ni ya siku za ugonjwa, na haiguswi kwa harusi wala kwa simu mpya. Una shamba la mchele ambalo hakuna mtoto anayelilima? Likodishe. Na kama kuna kitu cha lazima kuuzwa, kiuzwe kile kisichozaa na kisichomfunika mtu, kiuzwe mchana, kwa bei ya soko, mzee mwenyewe akisema ndiyo na warithi wote wakijua, hata yule wa mbali apigiwe simu.

Tatu, mfuko wa watoto. Sisi ni mabingwa wa likelemba. Tunachangia sahani, tunachangia vitenge. Tuseme watoto ni sita, kila mmoja anaweka dola 5 kwa mwezi. Hizo ni dola 30 kwa mwezi, dola 360 kwa mwaka, dola 1,800 kwa miaka mitano kabla mzee hajaanguka hata siku moja. Wasioweza kila mwezi wafanye likelemba yao ya watu sita, na zamu ya saba iwe ya mfuko wa mzee. Pesa zisikae kwa mtu mmoja. Daftari liwe kwa mmoja, pesa kwa mwingine, na hesabu isomwe kila miezi mitatu kwa simu. Na anayetuma kutoka Lubumbashi au Kinshasa aseme siku ileile anapotuma: hii ni sadaka kwa baba, au hii ni mkopo. Nimekaa katika mirathi mingi, na ugomvi mkubwa ninaoukuta ni huu: mtoto mkubwa aliyetuma pesa miaka yote akinyamaza, siku ya mirathi anatoa orodha ndefu na kudai nyumba. Kama ulitoa kwa wema, umekwisha kutoa, malipo yako yako kwa Mungu. Kama ilikuwa mkopo, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya 282 ya Sura Al-Baqara, imekuamuru uandike, na mashahidi wawepo.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya yule anayeuguza.

Uwais al-Qarani aliishi Yemen zama za Mtume (S.A.W.) lakini hakuonana naye. Alikuwa mwema kwa mama yake. Na Mtume alimwambia Umar kwamba akimpata Uwais, amwombe amuombee msamaha kwa Mungu. Umar, ndugu zangu, amwombe dua mtu aliyemhudumia mama yake. Na alikuwa mwanamume. Kwa hiyo ninyi vijana mnaosema kazi ya kumwosha mzee ni ya dada zenu, mmeipata wapi?

Kwetu mara nyingi binti mmoja ndiye anayebaki. Ndoa imepita au haikuja, biashara imekufa, anaosha, anageuza, anakesha. Mzee kwa huruma anamwambia: "Mwanangu, nyumba hii itakuwa yako." Anasema kwa ulimi tu. Siku mzee anakufa, kaka zake wanakuja na gari, na binti anatolewa nje na mkeka wake. Akija kwetu tunamwambia: dada, ahadi ya fungu la ziada kwa mrithi ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti bila wenzake kukubali. Ni kweli, hiyo ndiyo hukumu. Lakini sisi tulikuwa wapi kabla, kumwonyesha mzee njia iliyo halali?

Njia iko. Mzee, ukiwa na akili timamu, patana na binti yako kwa ujira. Andika: "Mimi fulani, nikiwa na akili zangu, nimepatana na binti yangu fulani kwamba kuanzia mwezi huu ananiuguza, na ujira wake ni kiasi hiki kwa mwezi, unatoka katika kodi ya chumba cha nyuma." Tarehe, mashahidi wawili, na watoto wote wasomewe. Ujira uwe ule ambao ungemlipa mtu wa nje kwa kazi hiyohiyo, usiukuze ili kuwanyima wengine, maana hiyo itakuwa hila. Ukimlipa kila mwezi, amepata jasho lake. Ukifa hujamlipa, ni deni, na deni linatoka kabla ya mirathi, kisha anachukua fungu lake la mirathi kama wenzake. Kaka zake hawawezi kumwambia kitu. Ni karatasi moja tu.

Na mke je? Mali ya mke ni yake. Vitenge vyake, meza yake ya soko, shamba alilopewa na baba yake, si mfuko wa dawa za mume. Akitoa kwa hiari, ni sadaka kubwa. Akikopesha, iandikwe. Mjue pia kwamba mahakama za nchi hii zinahukumu mirathi kwa Kodi ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, na mgawo wake si sawa na mgawo wa Sura An-Nisaa: watoto wanapewa robo tatu, wa kiume na wa kike sawasawa. Kodi hiyohiyo inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Nimesema hayo kwa sababu kuna watu wetu wanaomfukuza mjane siku ya arobaini kwa jina la dini, na dini haiwajui wala sheria haiwajui. Anayeandika wasia kwa mkono wake, auandike wote yeye mwenyewe, tangu neno la kwanza, aweke tarehe na sahihi. Asiyejua kuandika aende mbele ya ofisa anayehusika.

Jambo la mwisho ni akili. Ikiwa umempa mtoto wako uwakala wa kuchukua kodi au kwenda ofisini kwa niaba yako, wanavyuoni wanasema uwakala huo unaanguka siku akili yako inapoondoka. Kwa hiyo chagua mapema, mbele ya familia, ni nani atakayesimamia mali yako ukifika huko, na mwingine wa kumkagua. Usichague mtoto unayempenda kuliko wengine. Chagua yule ambaye hata wale wasiompenda wanakubali kwamba hajawahi kula pesa ya mtu.

Kamati ya msikiti itakaa kila Jumapili baada ya swala ya Alasiri, kwenye chumba cha madrasa, pamoja na ndugu mmoja anayejua mambo ya ofisi ya ardhi. Hakuna malipo. Njoo na kitambulisho, na karatasi zozote ulizo nazo hata kama zimeliwa na mchwa, na ukiweza njoo na mtoto mmoja na jirani mmoja. Mzee asiyeweza kutembea, leteni habari, tutakwenda kwake. Mimi sitaweka tena sahihi juu ya karatasi ya kuuza nyumba ambayo mwenyewe hajaniambia kwa mdomo wake, au kwa mkono wake kama mdomo umekataa.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walio majumbani na walio hospitali. Wapunguzie maumivu wale ambao ugonjwa wao umekuwa mrefu, na uwape subira wanaowauguza usiku. Walinde wajane na mayatima wetu. Utusamehe tuliyoyatilia sahihi bila kuuliza. Amin.

(Tafadhali usiitupe karatasi hii mahali pachafu, ina majina ya Mwenyezi Mungu. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani, au umsomee mzee asiyeona.)